Umeme wa Jumamosi Jioni

Nguo za Stefano ziliwekwa juu ya mkeka uani kwake, Mikumi, siku ya kuanua matanga. Mashati, suruali, koti moja la mvua, viatu vya kazini ambavyo soli zake zilikuwa bado na udongo wa mashamba ya miwa. Nilikaa nyuma kabisa, kwenye kiti cha plastiki karibu na masufuria, kwa sababu sikuwa ndugu. Aliyesimama kugawa alikuwa mwanamke, jambo ambalo si kawaida katika ukoo ule, lakini marehemu hakuacha kaka wala mdogo, na Yusta, binti wa kaka yake, ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho. Aliinua nguo moja moja, akaitaja, akamwita mtu wake. Alipofika kwenye shati moja jeupe alinyamaza. Akaliweka usoni, si kwa kulia, bali kama mtu anayenusa mboga ya jana kujua kama imechacha. Kisha akalikunja, akaliweka pembeni, akaendelea na suruali. Hakuna aliyeuliza. Mimi nilijua alichokuwa anakitafuta katika lile shati. Niliporudi nyumbani Kilosa nikakaa na jambo hilo siku kadhaa, kisha nikaona bora niuandike mwaka ule nilioishi kwa Yusta na mama yake, kabla na mimi sijaanza kuuchanganya.

Nilifika vilima vya Lumuma mwezi wa saba, mwalimu mpya wa hisabati na sayansi, nikakuta nyumba ya walimu haina paa. Mwalimu mkuu akanipeleka kwa Mama Yusta, mjane aliyekuwa na chumba cha ziada. Juu ya bati lake kulikuwa na paneli tatu za sola zilizometa kiasi kwamba ukiwa chini kwenye mashamba ya vitunguu uliziona kabla ya kuiona nyumba. Aliyeziweka alikuwa Elieza, mumewe, fundi wa magari kule Ruhembe. Nguzo za umeme zilikuwa hazijafika huko juu, na binti yao alipogundulika kuwa na kisukari, kile kinachotaka sindano ya insulini kila siku, Elieza alikusanya vifaa kimoja kimoja, paneli kutoka huku, betri kutoka kule, mpaka akaweza kuendesha friji ndogo. Alikufa kwa ajali kwenye barabara ya Mikumi mwaka mmoja kabla sijafika. Chumba nilichopewa kilikuwa cha vifaa vyake. Ukuta ulinuka grisi, na misumari aliyotundikia spana ilikuwa bado imepangwa kwa ukubwa, kutoka mkubwa hadi mdogo, ingawa spana zenyewe zilikwisha gawiwa.

Friji ilisimama sebuleni, mahali ambapo wengine huweka televisheni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa ilikuwa picha ya Elieza akiwa na shati jeupe la kanisani. Ndani hapakuwa na nyama wala soda. Kulikuwa na chupa ndogo za insulini kwenye kisanduku cha plastiki, basi. Yusta alikuwa darasa la tatu, na alikuwa amefundishwa kufungua mlango ule kwa haraka ya mtu anayechungulia chumba cha mgonjwa. Nyumba ikitulia ungesikia friji ikiwaka, ikinguruma kidogo, ikizima. Mama Yusta aliacha mlango wa chumba chake wazi usiku ili aisikie.

Na tuliishi gizani. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote, kwamba nyumba yenye paneli tatu juu ya bati ilikuwa na giza kuliko nyumba za jirani zenye vibatari. Balbu zilikuwepo, kila chumba yake, ndogo na nzuri, lakini hakuna aliyegusa swichi. Tulikula jikoni, kwenye kibanda cha nje, kwa mwanga wa moto. Ugali na maharage, ugali na mchicha, na kwa Yusta sahani yake ndogo iliyopimwa kwa upawa uleule kila siku. Baada ya chakula tuliingia ndani kwa kupapasa ukuta. Mara ya kwanza nilipowasha taa ili nisahihishe madaftari, Mama Yusta alikuja mlangoni, akasema kwa upole kabisa, "Mwalimu, hiyo ni dawa ya mtoto." Nikazima. Radio ilizimwa mara tu baada ya taarifa ya habari. Simu zilichajiwa shuleni. Kila mtu katika nyumba ile alijinyima kitu, na kujinyima kwenyewe kulikuwa na heshima fulani, kama mfungo.

Siku hizi nazunguka vijijini kuwafundisha watu wanaotaka kununua sola wapime kwanza matumizi ya nyumba zao. Nawaambia wasiogope, si hesabu ngumu, anayejua kupima unga wa familia ataiweza. Kila kifaa kina nguvu yake, ambayo tunaipima kwa wati, na kina muda wake wa kuwaka. Zidisha nguvu kwa muda, utapata kiasi ambacho kifaa hicho kimekula. Jumlisha vyote, linganisha na kile jua linachoingiza mchana, na utajua kama betri italala na kitu tumboni au italala njaa. Nawaambia pia kwamba karibu kila nyumba ina kifaa kimoja ambacho wenyewe hawakitaji. Hawadanganyi. Ni kwamba kitu kile hakiko kwenye hesabu za umeme. Kiko kwenye hesabu nyingine. Wananiangalia, na mara nyingi yuko mmoja anayetazama chini. Sijawahi kuwaeleza nililijulia wapi jambo hilo.

Ilikuwa hivi. Kila Jumapili asubuhi tulikuta friji imezima. Si kila siku, Jumapili tu. Taa nyekundu kwenye kontrola, kile kisanduku cha ukutani kinacholinda betri, ilikuwa inawaka, maana yake betri imeshuka mno na imekata kila kitu mpaka jua litoke. Mama Yusta angetoa chupa za insulini, angezifunga kwenye kitambaa kilicholowa, angeziweka ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa maji, na angekwenda kanisani na uso wa mtu aliyepigwa. Jua likipanda, friji iliamka yenyewe. Jumatatu hadi Jumamosi ilikwenda bila shida. Jumapili inayofuata, taa nyekundu.

Mtu akiwa na tatizo la namna hiyo milimani, majirani humsaidia kulieleza. Kisimani walisema Elieza hajaridhika. Alikuwa mtu wa Jumapili, mwimbaji wa sauti ya chini, na sasa anakuja kwenye mitambo yake siku anayoipenda. Mama mmoja mchangamfu aliniambia, huku akinitwisha ndoo, "Sisi wengine tunasikia mjini bili inaletwa na mtu wa shirika. Kwa mwenzetu inaletwa na marehemu mwenyewe." Wote wakacheka, kisha wakaacha kucheka kwa pamoja, na njia nzima ya kurudi nyumbani nilihisi ubaridi wa maji yale shingoni.

Yusta yeye hakuogopa. Jumamosi moja jioni tulikuwa jikoni tunachambua mchicha. Mama yake alikuwa ndani kwa maombi, kama ilivyokuwa desturi yake kila Jumamosi saa hiyo, mlango umefungwa, siku pekee mlango ule ulipofungwa. Nilimwambia Yusta naenda kuchukua chumvi. Akasema, bila kuinua kichwa, "Ukipita koridoni pita polepole. Baba huwa anapita Jumamosi."

Nikamuuliza anajuaje.

"Ananukia," akasema. "Wewe humsikii?"

Niliingia ndani. Koridoni palikuwa na giza, na ndani ya giza lile palikuwa na harufu. Kitambaa cha moto, mvuke kidogo, na chini ya mvuke harufu ya mtu mzima, jasho la mwanamume, sabuni ya mche, na kitu kama grisi. Si harufu ya zamani. Ilikuwa na joto, kama mtu aliyesimama karibu nawe. Nilifikiria pasi, lakini pasi ya nyumba ile ilikuwa ya mkaa, na nilikuwa nimetoka kuiona jikoni ikining'inia kwenye msumari wake, baridi. Nilikuwa na cheti cha ualimu wa sayansi. Nikachukua chumvi, nikatoka polepole, kama nilivyoagizwa.

Januari ilipoisha, Stefano alikuja. Alikuwa mdogo wa Elieza, dereva wa matrekta ya miwa, anaishi Mikumi na mke wake, na alikuja kwa pikipiki akiwa na gunia la sukari na viatu vya shule vya Yusta. Yusta alimwamkia "Shikamoo baba mdogo," akaitikiwa na kubebwa mabegani kama mtoto mdogo. Nilimpenda mara moja. Lakini kuta za nyumba ile hazikufika kwenye paa, na jioni nikiwa chumbani nilisikia kila neno kutoka barazani.

"Shemeji, simchukui mtoto kwa ubaya," alisema.

"Unamchukua."

"Namhamisha. Mikumi kuna umeme wa nguzo, hospitali iko karibu. Hapa masika ikianza barabara inakatika. Dawa ikiharibika utamkimbiza kwa usafiri gani? Kwa punda?"

"Punda tunao."

Stefano alicheka kidogo, akajirudi. Akasema amezungumza na muuguzi wa zahanati. Muuguzi amesema insulini haiharibiki kwa joto la usiku mmoja, lakini yeye hawezi kutoa akiba ya miezi ya mvua kwa nyumba ambayo friji yake inazima kila wiki, maana hakuna atakayeweza kuapa kama chupa ile bado ni dawa au ni maji. Akasema Jumapili ya mwisho ya Februari atakuja. Kama friji itakuwa haijatulia, ataondoka na Yusta. Kisha Mama Yusta akauliza huko Mikumi mtoto atalala chumba kimoja na nani, na kutokana na swali hilo nilijua amekwisha kuanza kumfungasha.

Jumamosi ile nilipanda lori la vitunguu mpaka Kilosa mjini, nikaenda kwa fundi mmoja wa sola karibu na stesheni, nikamwomba aniazime kipimo. Ni kitu kidogo, kinakaa kati ya soketi na kifaa, na kioo chake kinaonyesha kifaa kinakula wati ngapi. Nililala mjini kwa rafiki, nikarudi Jumapili jioni. Wiki ile yote mimi na Mama Yusta tulipima. Yusta ndiye aliyesoma namba kwa sauti, kwa furaha ya mtoto aliyepewa kazi ya wakubwa. Balbu, wati tano. Radio, nane. Kila asubuhi nilimwonyesha jinsi ya kusoma hali ya betri kwenye kontrola, naye akaiandika kwa chaki kwenye ukuta wa sebule, juu ya friji, mstari kwa kila siku. Nilijumlisha kila kitu, nikaweka na friji yenyewe, na hesabu ikasema betri inapaswa kulala imeshiba. Nikamuuliza Mama Yusta kama kuna kingine chochote. Alifikiri kweli, nakumbuka alitazama pembe zote za chumba. "Hakuna kingine, Mwalimu."

Kabla sijalala Ijumaa nilihamisha kipimo, nikakichomeka kwenye inveta yenyewe, kisanduku kinachogeuza umeme wa betri uwe wa soketi, pale ambapo umeme wa soketi zote za nyumba unaanzia. Sikuwa na shaka na mtu. Nilitaka tu kujua jumla ya soketi zote. Jumapili asubuhi taa nyekundu ilikuwa inawaka kama kawaida, na Mama Yusta alikuwa amekwisha toa chungu. Kipimo kile kilikuwa na kumbukumbu: ukibonyeza kitufe chake kwa muda, kinakuonyesha mzigo mkubwa kuliko yote uliopita ndani yake. Nikabonyeza. Wati mia tisa themanini.

Hakuna radio ya namna hiyo. Hakuna taa ya namna hiyo. Kinachokula hivyo ni kitu kinachotoa joto. Nilisimama mbele ya inveta nikiwa na ile harufu ya koridoni puani, ingawa asubuhi ile haikuwepo, na kwa mara ya kwanza niliogopa kitu tofauti. Niliogopa kumwambia.

Sikumwambia. Nilimfundisha. Jumatatu baada ya shule tulikaa barazani tunachagua maharage, Yusta yuko mazoezi ya kwaya ya watoto, nikamwambia Mama Yusta nataka kumpa somo ninalolitayarisha kwa darasa la sita, aniambie kama linaeleweka. Nikamwambia afikirie pipa la maji. Bomba linalodondosha tone moja moja usiku kucha asubuhi litakuwa limepunguza jagi moja. Mtu akija na ndoo, akachota mara nne na kuondoka, amekaa pale dakika chache tu, lakini pipa limeshuka nusu. Sisi tunalilaumu bomba kwa sababu linadondosha muda mrefu na tunalisikia. Aliyechota kwa ndoo hatumlaumu kwa sababu hakukaa. Alitabasamu, akasema linaeleweka. Nikasema taa ni lile bomba. Na ndoo, nikasema, ni kifaa chochote cha kutoa joto, hita, jiko, kitu cha namna hiyo, hata kikiwaka kidogo tu.

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Kisha akainuka, akaingia ndani, na aliporudi alikuwa amebeba kitu kilichofungwa kwenye kitenge. Ilikuwa pasi ya umeme. Ile ambayo kila mtu aliamini ilikwenda Mikumi na vitu vingine vya Elieza vilivyogawiwa. Aliingia sebuleni, akaichomeka mwenyewe kwenye kipimo, akaisoma namba iliyotokea huku feni ya inveta ikianza kulia.

"Hii ni nyingi?"

"Ni kama taa mia mbili zimewaka pamoja."

Akaichomoa. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye friji, pasi mapajani kama mtoto. "Nusu saa tu, Mwalimu. Sizidishi," akasema. Baada ya muda akasema, "Na mwanangu anakula gizani."

Mengine alinieleza akiwa pale pale sakafuni. Siku ya kuanua matanga nguo zote za marehemu hutolewa nje, na ni ndugu wa mume anayegawa. Wazee wa ukoo wao husema nguo ikifichwa, mwenyewe hatulii. Yeye alificha moja, lile shati la kwenye picha, ambalo Elieza alilivaa Jumapili ya mwisho na halikuwahi kufuliwa. Pasi ya umeme Elieza aliinunua kwa sababu ya shati hilo, kwani pasi ya mkaa iliwahi kulidondoshea jivu, na tangu hapo kila Jumamosi jioni ilikuwa kazi ya mke wake kulinyoosha. Alipokufa, Mama Yusta aliendelea. Mara ya kwanza aliendelea kwa mazoea tu. Alinyunyiza maji, akapitisha pasi, na joto likaitoa harufu yake yote, kwapani, mgongoni, shingoni, mpaka akageuka kutazama mlangoni. Likipoa, harufu inaondoka. Kwa hiyo alisubiri Jumamosi nyingine. Hakuwahi kulifua. Na kila mara, alisema, harufu inapungua kidogo, kwa hiyo muda wa pasi uliongezeka mpaka ukafika hiyo nusu saa.

Nilimwambia haina haja ya kuacha. Nilifurahi kuwa na jibu, na hata sasa nafikiri lilikuwa jibu zuri. Saa saba mchana, nikamweleza, jua likiwa utosini na betri zimejaa, paneli zinatoa kuliko friji inavyohitaji, na ile ziada inapotea bure juu ya bati. Piga pasi saa hiyo, Jumapili mchana, na hutamgusa mtoto hata kidogo. Taa nazo washeni, taa hazikuwa na kosa tangu mwanzo.

"Mchana watu wanaona," alisema.

Kuacha kabisa kungeponya friji, lakini kusingemtosha Stefano. Angetaka kujua kilichokuwa kinakula umeme ni nini, na nyumba ambayo haiwezi kusema shida yake ilikuwa nini, nani ataamini kwamba shida imekwisha? Jumamosi iliyofuata mlango wa chumba chake haukufungwa. Jumapili, kwa mara ya kwanza tangu nifike, taa ya kontrola ilikuwa kijani. Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Februari. Nyuma ya mlango wa sebule ulikuwa umesimama mfuko wa nguo za Yusta, na viatu vipya juu yake.

Stefano alifika tukiwa tumetoka kanisani. Mimi si wa dhehebu lao, lakini siku hiyo nilikwenda nikakaa nyuma. Alikuta madirisha yamefunguliwa, mlango umefunguliwa, meza imesogezwa katikati ya sebule na blanketi juu yake, na shemeji yake amesimama nyuma ya meza. Nilimwonyesha mistari ya chaki ukutani, nikamweleza kwa kifupi jinsi tulivyopima. Aliniuliza swali ambalo nilijua ataliuliza. "Sasa kilichokuwa kinakula umeme ni nini?"

Mama Yusta aliinua shati kutoka kitini, akalitandaza juu ya blanketi, akalinyunyizia maji kwa vidole. Pasi ilikuwa imekwisha pata moto. Akaanza na mgongo.

Nilimtazama Stefano usoni. Aliliona shati, akalitambua, na hasira ikapanda kwanza, niliiona ikifika kwenye taya. Kisha mvuke ukafika alipokuwa amesimama. Akavua kofia. Kwa kweli sijui kuandika jinsi chumba kile kilivyokuwa katika mwanga wa saa saba, jua kila mahali, kuku mlangoni, na kaka yake amejaa humo ndani. Pasi ilikwenda na kurudi. Mikono mirefu, kifua, mfuko. Kisha Mama Yusta akaisimamisha pasi kando, akataka kulikunja.

"Nililitafuta sana siku ile," Stefano alisema. "Nikadhani mmemzika nalo." Akasogea hatua moja mezani. "Kola bado, shemeji."

Mama Yusta akaifungua kola, akaipiga pasi polepole, ndani na nje, na Stefano aliinama karibu kabisa na mikono yake, macho yamefumbwa. Hapo ndipo Yusta alipoingia kutoka shule ya Jumapili. Alisimama kizingitini na uso wake ukafunguka wote. "Baba kapita mchana leo," alisema. Kisha akaona meza. Alimwona mama yake, akaona pasi, akaona kilichokuwa chini ya pasi, na akasogea akashika ncha ya mkono wa shati kwa vidole viwili.

"Kumbe ni shati," alisema.

Mama yake alijibu ndiyo. Mimi, ambaye maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kueleza, nilikwenda kuichomoa pasi.

Stefano alikunywa chai, akaniomba nimfundishe kusoma kontrola, akasema atampitia muuguzi amwambie atoe akiba ya miezi ya mvua. Aliondoka peke yake kwenye pikipiki. Shati hakuliomba, na mpaka siku anakufa, aliniambia Yusta uani kule Mikumi, hakumwambia yeyote wa ukoo.

Jumamosi iliyofuata tulikula ndani, taa imewaka. Mama Yusta alikuwa ametandika kitambaa mezani na kuweka radio kwa sauti ndogo, na alimwambia binti yake aangalie, kumbe ukutani kuna rangi ya kijani tulikuwa tumeisahau. Yusta alikula nusu. Kisha alichukua kigoda, akakiweka koridoni akielekea mlango wa chumba cha mama yake, akakaa. Mlango ulikuwa wazi, taa inawaka, kitanda kinaonekana mpaka mwisho wake. Alikaa hivyo mikono mapajani. Mama yake alimtazama kutoka mezani, akainuka, akaenda kulitoa shati, akampa alishike. Yusta alilikumbatia, akavuta pumzi kwenye kola, akavuta tena.

"Halinuki kitu," alisema.

"Linataka moto," mama yake akamjibu, akichuchumaa karibu naye. "Kesho mchana, jua likitoka."

Juu yetu mvua ya kwanza ya masika ilikuwa imeanza kulipiga bati.